Kaunta ya Mama Nyavu: Ndoano ya dukani na ndoano ya kwenye simu

Kati ya barua za mwezi huu nimechagua nne, na zote nne zina simu ndani yake. Kwa mgeni wa safu hii: nauza nyavu, ndoano, kamba na maboya hapa Kirumba, Mwanza, njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, tangu mwaka 1998. Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue dukani au mtandaoni ni kama anayemuuliza fisi mbuzi alale ndani au nje. Nitajitahidi kuwa fisi mwenye haya.

*Shikamoo Mama Nyavu. Nina mgonzo, kamba ndefu yenye ndoano 600, navua sangara. Siku zote natumia namba 10. Dukani boksi la ndoano mia waliniambia 14,000, kwenye simu nikaiona kwa 8,500, namba 10 hiyo hiyo. Nikaagiza maboksi sita. Zimekuja ndoano ndogo kama kucha ya mtoto. Muuzaji anasema niliomba namba 10 na namba 10 amenipa, hela harudishi. Kati yetu nani ana makosa?*
*Mvuvi wa Igombe*

Marahaba mwanangu. Mwenye makosa ni namba.

Unajua vizuri kwamba kwenye ndoano namba ikipanda ndoano inapungua: 12 ni ndogo kuliko 10, na 10 ni ndogo kuliko 8. Hesabu hiyo inashuka hivyo mpaka 1, halafu inageuka. Baada ya 1 inakuja 1/0, kisha 2/0, 3/0, na huko namba ikipanda ndoano nayo inakua. Ndoano ya 10/0 ni ya kuvulia papa. Umeona mwenyewe kwamba kamstari na sifuri vinaweza kukutoa kwa furu, visamaki vidogo vya ziwani, vikakupeleka kwa papa.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililokuumiza: namba hizo hazina mkubwa mmoja anayezisimamia. Kila kiwanda kina mpangilio wake, na ndani ya kiwanda kimoja kila aina ya ndoano ina mpangilio wake. Namba 10 yetu ya mgonzo inatoka kwenye ukoo wa ndoano za baharini, nene, yenye mdomo mpana. Namba 10 uliyoletewa ni ya ukoo wa ndoano nyembamba ambazo Wazungu wanavulia samaki wa mitoni kwa fimbo. Muuzaji wako hakukuibia. Hajui tofauti, na nina wasiwasi ndoano yenyewe hajawahi kuishika.

Siku nyingine usiagize kwa namba. Chukua ndoano unayoiamini, iliyokwisha kukuletea samaki, ilaze juu ya rula, ipige picha. Pima urefu wa shina, kisha pima mdomo, yaani nafasi kutoka ncha mpaka kwenye shina, maana mdomo ndio unaochagua samaki. Mtumie muuzaji picha hiyo, umwambie naye alaze yake juu ya rula akutumie. Akikutumia picha ile ile ya tangazo, jua hana ndoano mkononi. Ana picha tu, kama wewe.

Ndoano za hayo maboksi sita usizifunge kwenye mgonzo kwa hasira. Utavuta sangara watoto, na sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kama ilivyo kwa sato wa chini ya sentimita 25. Watafute vijana wanaovua furu wa chambo. Hao ndoano ndogo wanazitaka, na boksi wanaligawana.

Wala usione aibu, maana mimi mwenyewe, na kelele zangu zote hizi, nilishapigwa. Mwaka 2021 niliona pisi za wavu wa sangara kwenye mtandao, bei ya jumla, inchi 6. Nikahesabu faida kabla mzigo haujapakiwa. Ulipofika nikafungua pisi moja, nikaweka mkono kwenye jicho la wavu, mkono ukapita mpaka kiwikoni. Sisi huku jicho tunalipima likiwa limevutwa, fundo la huku mpaka fundo la pili lililo mbele yake. Yule muuzaji alipima upande mmoja tu wa jicho. Inchi 6 zake kwangu ni inchi 12. Sangara wa kilo tano anapita humo kama anayeingia ukumbini kwa kadi ya mwaliko. Nilikuwa nimelipa, na sikuwa nimeuliza neno moja: umepimaje? Pisi mbili niliwapa vijana wa mpira wa mtaani kwetu, ndizo nyavu za magoli yao mpaka leo, na mpira haupiti. Zilizobaki zimezungushia bustani ya mchicha.

Kwa hiyo ukinunua wavu kwa simu, uliza kwanza jicho limepimwa vipi. Halafu uliza urefu. Tangazo likisema mita 100, hizo ni mita za wavu uliovutwa kama kamba. Ukishaupanga kwenye kamba kwa nusu, kama tunavyopanga makila, yaani nyavu za kutega, majini utapata mita 50. Mteja wangu mmoja alinunua mtandaoni akidhani amepata wavu mrefu mara mbili ya ule wa kwangu kwa bei ile ile. Alikuwa analinganisha mita zake za kuvutwa na mita zangu zilizokwishapangwa.

Na angalia sana nyavu za plastiki za uzi mmoja, zile zinazong'aa kama mshipi wa kuvulia. Kwenye simu ni rahisi, nzuri kwa macho, na hakuna anayekuandikia kwamba katika ziwa letu la Victoria ni marufuku. Walioziona nyavu zikichomwa moto kwenye operesheni ya mwaka 2018 wanajua kwamba anayeungua ni aliyekutwa nazo. Aliyeziuza yuko mjini anatangaza nyingine.

*Mama Nyavu, tunavua dagaa huku Ukerewe. Karabai zimetuchosha, mafuta ghali, glasi zinapasuka. Kwenye simu kuna taa ya sola, wati 300, betri ya volti 12 ampea-saa 7, wanasema inawaka usiku kucha hata ikilowa. Tuagize kumi?*
*Wenye mtumbwi, Nansio*

Msiagize kumi. Kwanza fanyeni hesabu, hata nyuma ya karatasi ya maandazi inatosha. Volti mara ampea-saa: 12 mara 7 ni 84. Huo ndio moto wote uliomo kwenye betri yenu, wati 84 kwa saa moja. Taa ikila wati 300 kweli, betri inaisha kwa dakika 17. Hapo hata dagaa wa kwanza hajajua kwamba kuna sherehe. Na kama inawaka saa nane kama wanavyoapa, basi ni taa ya wati 10 iliyoandikwa 300. Mimi naamini ni hiyo ya pili. Na wati 10 za taa hizi za kisasa si haba, maana hazipotezi nguvu kwa joto kama karabai. Kinachonikera ni kudanganywa kwa kitu ambacho ukweli wake ungetosha.

Kuhusu kulowa, tafuteni herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. IP65 inavumilia maji ya kurushiwa. IP67 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Taa ya mtumbwini itazama tu siku moja, kwa hiyo tafuteni 67, na herufi zikikosekana kabisa hesabuni kwamba hiyo ni taa ya sebuleni.

Agizeni moja. Ikija, ngojeni siku za mbalamwezi, ambazo kwa vyovyote mko nchi kavu, muiwashe magharibi na kuandika saa inapozimika. Usiku wa pili itieni kwenye beseni la maji. Nasema hivi bila kinyongo: taa nunueni kwenye simu. Za dukani kwangu ni chache na si bora, nimebaki na karabai na glasi zake. Lakini wavu wa dagaa nendeni mkaushike wenyewe, na rula mfukoni, maana jicho la chini ya milimita 8 ni kesi.

*Habari Mama. Nafanya kazi ofisini, naishi Luchelele, nataka kuvua kwa fimbo na rili wikiendi kama burudani. Nimeangalia video nyingi za Wamarekani. Nimenunua mshipi wa kuvumilia kilo 4 na samaki bandia wa mpira. Mwezi mzima sijapata kitu, mara mbili kitu kimevuta na kukata. Maduka ya Mwanza niliyopita wananicheka.*
*Mvuvi wa Jumamosi*

Wanakucheka kwa sababu hawana cha kukuuzia. Ni kweli, maduka yetu yanauza kwa watu wanaokula kwa ziwa, na mtu wa fimbo moja tunamwona kama aliyekuja kununua punje ya mchele. Ni ujinga wetu. Fimbo na rili agiza mtandaoni, hapo sina ushindani wala ushauri.

Ila mshipi wako ni wa samaki wa mabwawa ya Marekani. Sangara mkubwa kuliko wote waliowahi kuandikishwa kwa kuvuliwa kwa fimbo alikuwa na kilo 104, alitoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Sisemi utampata wa hivyo pale Luchelele. Nasema ukoo ndio huo. Mdomo wa sangara ndani ni kama msasa, na kifuniko cha shavu lake kina makali. Mshipi mwembamba haukatiki kwa kuvutwa, unasagwa. Weka kipande kinene mwishoni, urefu wa mkono wako mmoja na nusu, na hicho kipande njoo ununue kwangu. Tunacho, tunakipima kwa mita, na hakuna atakayekucheka. Nitawaambia.

Fundo la kuunganisha mshipi mwembamba na mnene jifunze kwenye video. Nami nilijifunza huko, kwa simu ya mjukuu wangu, na ni zuri kuliko nililofundishwa na marehemu mume wangu. Yeye angekataa.

Video ambayo hukuiona ni ya kusimama. Usisimame majini mpaka magotini kama wale wa kwenye video. Kwao hakuna kichocho, na mamba wa Luchelele hajaangalia video. Simama juu ya jiwe, mawe tunayo ya kutosha mji huu. Na kabla ya Jumamosi ijayo pita kwa afisa uvuvi umuulize kuhusu kibali cha kuvua kwa burudani.

*Dada yangu, habari za kazi. Nina duka la zana za uvuvi Sengerema, mwaka wa kumi na moja huu. Mtu anaingia, anashika wavu, anauliza plai ngapi kwa sangara, unapangwaje, maboya yakae umbali gani. Nusu saa namweleza. Anapiga picha lebo, anasema nakuja. Wiki ijayo nauona mzigo wake unashushwa kwenye basi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, asiyeagiza kwa simu anavuka Mwanza. Nafikiria kukataza picha, na kutoza ushauri shilingi elfu mbili. Unasemaje?*
*Muuza zana, Sengerema*

Salama kaka, pole na kazi. Barua yako niliisoma kwa sauti dukani, vijana wangu wakadhani nimeiandika mimi.

Kabla ya hiyo elfu mbili yako, tusemane kidogo, maana simu haikuja mwaloni yenyewe. Tuliikaribisha. Miaka mingi maduka yetu hayakuwa na bei. Mtu anaingia, kijana wa kaunta anamtazama viatu, kisha anataja. Mwenye ndara bei hii, mwenye buti bei ile, mgeni kutoka Geita bei ya tatu. Kwenye simu bei imeandikwa, na mwenye ndara na mwenye buti wanaiona moja. Hilo peke yake lilitosha kutufilisi.

Na plai. Kwa msomaji asiye wa kazi hii: uzi ukiandikwa 210D/12, hiyo 210 ni denia, maana yake uzi mmoja mwembamba wa urefu wa mita 9,000 una uzito wa gramu 210, na 12, ndiyo plai, ni idadi ya nyuzi hizo nyembamba zilizosokotwa pamoja. Mteja hawezi kuzihesabu kwa macho akiwa amesimama, kwa hiyo anaamini lebo. Miaka kadhaa iliyopita tajiri mmoja wa jumla, simtaji, aliniletea mzigo wenye lebo ya 12. Niliuza karibu wote. Siku moja mzee mmoja wa Kayenze akaja na kipande cha wavu wake, akakiweka kaunta mbele ya wateja watano, akafumua ncha kwa kucha. Zilitoka nyuzi tatu, na kila moja akaifumua tena: ndani tatu. Tatu mara tatu tisa. Plai 12 hufumuka tatu zenye nne nne. Hakusema kitu. Alihesabu kwa sauti kama anayefundisha chekechea, akanitazama.

Nilimrudishia hela yake, na wengine niliowakumbuka. Tajiri yule alikataa kunirudishia mimi. Tangu siku hiyo kila mzigo ukiingia tunafumua ncha, na mteja akitaka tunamfumulia mbele yake. Tuna ndoo ya maji pia. Kipande cha nailoni kinazama, cha kamba ya manila ya plastiki kinaelea, na mtu anaona kwa macho yake kama anauziwa nailoni au jina la nailoni. Ndoo hiyo imeniuzia kuliko bango la mlangoni, na hilo bango lilinigharimu.

Sasa swali lako. Usitoze maneno. Maneno siku hizi yamejaa kila mahali bure, mengine mazuri. Kundi la WhatsApp la wavuvi wa Igombe linatoa bei ya sangara ya asubuhi kabla sijafungua mlango, na upepo ukichafuka upande wa Ukerewe tunajua humo. Ukitoza maneno watakwenda kuyachukua huko, pamoja na ya uongo. Toza mikono. Mimi nina kina mama watatu nyuma ya duka wanaopanga nyavu kwenye kamba, kufunga maboya na risasi za kuzamisha wavu, na kushona zilizochanika. Tunapanga wavu wa yeyote, ulionunuliwa kwangu, Kariakoo au China, kwa bei moja iliyobandikwa ukutani. Waliopiga picha na kuondoka wanarudi na mzigo wao kwenye mfuko wa salfeti, wamenywea, hawataki kunitazama. Nawakaribisha chai. Mwezi uliopita mapato ya kupanga na kushona yalipita faida ya kuuza nyavu zenyewe, na sikulipa nauli ya mzigo wowote.

Kitu kingine ambacho simu haina ni daftari la mkopo. Wewe ulianza juzi, hukuuona mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, sangara akaporomoka bei mpaka mtu anatamani kumrudisha majini. Nilikuwa na mwaka mmoja tu dukani. Wateja walinilipa kwa dagaa wakavu, kwa mihogo, mmoja kwa kondoo. Niliwaandika. Watoto wa baadhi yao ndio wananunua kwangu sasa, na mmoja ananiuzia vifurushi vya simu. Lakini sikudanganyi kaka, daftari nalo linaua duka. Ninalo la mwaka juzi ambalo silifungui, presha inapanda. Kopesha ndoano na kamba, usikopeshe pisi nzima za wavu, na usimkopeshe mtu aliye safarini kuhamia kisiwa kingine.

Kukataza picha ndiko siafiki kabisa. Mimi nina ubao ukutani, nimepigilia ndoano moja ya kila namba ninayouza, chini yake rula ya mbao, chini ya rula bei. Huo ubao uko kwenye simu za watu nisiowajua. Kuna bwana mmoja wa Bwiru anakuja kuupiga picha kila Januari, mwaka wa nne huu, hajawahi kununua hata moja. Vijana wangu wamempa jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Mwaka huu Mei alikuja saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa bado nafagia. Mgonzo wake ulikuwa umekatwa usiku, ndoano mia tatu zimekwenda, na vijana wake walikuwa wanaingia ziwani jioni ile ile. Mzigo wake wa kwenye simu, alisema, ulikuwa bado Dodoma, utafika Alhamisi. Nikampimia maboksi matatu kwa bei ya kwenye ubao. Alilipa kwa noti za elfu elfu, nyingine mbichi kwa maji. Alipofika mlangoni akageuka, akatoa simu, akaupiga picha ubao.

Kulikuwa na namba mbili mpya, alisema.